Grafu ya ngazi: ijue siku faida ilipogeuka hasara



Tuseme uko Ntalikwa, unauza asali ya Tabora kwa WhatsApp, lita 10,000. Tarehe 1 ulinunua mzigo kwa 8,000 lita. Tarehe 10 ikawa 9,000, tarehe 24 ikaruka mpaka 11,000.

Ukichora grafu ya kawaida, mstari unapanda kidogo kidogo. Unakuta tarehe 17 inasoma 10,000, wakati siku hiyo ulinunua kwa 9,000 ile ile! Bei ya mzigo inakaa palepale, halafu inaruka kama ngazi. Basi ichore hivyo.

Fungua Google Colab kwenye simu, ni bure, uandike:

import matplotlib.pyplot as plt
siku = [1, 10, 24, 30]
kununua = [8000, 9000, 11000, 11000]
kuuza = [10000, 10000, 10000, 10000]
plt.step(siku, kununua, where="post")
plt.step(siku, kuuza, where="post")
plt.show()

Tarehe 30 tumerudia bei ya mwisho ili ngazi ya juu ionekane.

Angalizo: usisahau where="post". Ukiiacha, bei mpya inachorwa kabla ya siku yake, yaani 9,000 itaanzia tarehe 1.

Sasa angalia mistari inapokatana: tarehe 24. Kuanzia hapo kila lita unayouza inakula 1,000 ya mtaji wako, na wateja wanakusifu una bei nzuri!

Wewe bei ya mzigo ilibadilika lini mara ya mwisho? Chora leo, kisha upange bei upya.