Mkazi wa Wapi? Swali Linalowangoja Wanetu Uwanjani

Zipo nyumba za Handeni na Korogwe zinazomngoja binti au kijana aliyekwenda Oman au Saudi Arabia kutafuta riziki. Siku ya kurejea kwake, jamaa hupanda basi alfajiri, wakapita Mkata na Chalinze, kwenda kumpokea Dar es Salaam. Lakini kabla ya kukumbatiana nao, msafiri hukabiliwa na maswali ya forodha: anaishi wapi, na je, amerudi moja kwa moja?

Wengi hubabaika hapa kwa sababu huchanganya uraia na ukazi. Uraia huthibitishwa na pasipoti. Ukazi ni mahali mtu aishipo. Binti aliyefanya kazi Muscat miaka miwili, kwa kibali kilichofungamana na kafili wake, hakuacha kuwa Mtanzania. Hata hivyo, maisha yake yalikuwa Oman.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamtofautisha mgeni wa muda, mkazi anayetoka matembezini na mtu anayehamisha makazi. Huyu wa mwisho, akitimiza masharti, husamehewa ushuru wa nguo na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia. Ikiwa mizigo yake inamfuata nyuma, muda wa kawaida ni siku 90 tangu alipowasili. Aliyekuja likizo, huku mwajiri akimngoja, hajahama. Na bidhaa za kuuza hazigeuki vyombo vya nyumbani kwa kufungwa katika sanduku moja na nguo.

Kwa hiyo tunawausia wanetu: wahifadhi mkataba wa kazi, kibali cha ukazi na risiti. Wasitie saini wasichokielewa; wamwombe ofisa awafafanulie. Mzigo waliopewa na mtu mwingine wautaje kuwa ni wa mtu mwingine.

Nasi tunaowangoja tujihesabu. Orodha zetu za simu na vitenge vya kuuza ndizo huwasukuma kuandika yasiyo kweli, na adhabu huwaangukia wao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Saini ya forodha nayo ni ushahidi. Tusimtume mtoto akatushuhudilie uongo, kisha tukaiita zawadi.