Pesa Imekatwa, Meseji Haijafika: Ripoti Yako Huenda Wapi?

Umelipa dukani, pesa imekatwa, lakini meseji ya kuthibitisha haijaingia. Mwenye duka anakuangalia. Tafadhali usitume tena kabla hujaangalia salio na orodha ya miamala yako. Meseji kuchelewa na malipo kukataa ni vitu viwili tofauti, na ukirudia haraka unaweza kulipa mara mbili.

Kisha turipotie. Kila hitilafu tunayoletewa tunaiandika na kuipa nambari: ilianza lini, iko kwenye simu za aina gani, nani anaishughulikia, na kama kuna njia ya kuikwepa kwa sasa. Wengi hukasirika wakiambiwa "hiyo tunaijua". Hatujakupuuza. Ripoti yako inaunganishwa na za wengine chini ya nambari moja, ili mafundi wasifukuze kitu kimoja mara kumi. Lakini pesa yako inafuatiliwa kivyake, kwa nambari ya muamala, kwa sababu kurekebisha programu peke yake hakurudishi pesa iliyokwama. Kwa hivyo usikubali kuambiwa tu kwamba hitilafu inajulikana. Uliza pia muamala wako umefika wapi.

Ukituandikia tu "imegoma", tutabaki kukisia. Mwaka wa 1947 huko Marekani, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Harvard Mark II walipata nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika kwenye daftari la kazi, wakaandika saa na sehemu kamili alipopatikana. Sisi nondo hatumhitaji! Tupe saa, kiasi, aina ya simu, ulichobonyeza mwisho, na picha ya skrini kama ipo. PIN usimpe mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwetu.

Foleni nayo haifuati nani alilalamika kwanza. Hitilafu inayogusa pesa hutangulia, hata ikiwa imeripotiwa na mtu mmoja. Maandishi yaliyokatika kwenye menyu yatangoja.

Ukisikia hitilafu imefungwa na bado unaiona, kwanza pakua toleo jipya la programu. Ikiendelea, tutajie nambari ileile ya ripoti, nasi tutaifungua tena.