Mashine ya presha kwenye begi la jirani

Kipimo chenyewe hakimalizi dakika moja. Subira iko kwenye maandalizi. Mwenye nyumba anaombwa akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikanyage chini, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Anatulia hivyo dakika tano bila kuongea. Kama ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, anasubiri nusu saa. Kama amebanwa na haja ndogo, anaanzia msalani. Ndipo kitambaa kinazungushwa juu ya kiwiko, kinajaa upepo, kinabana, kinalegea, na namba mbili zinatokea kwenye kioo cha mashine. Baada ya dakika moja hivi anapimwa tena, kwa sababu namba ya kwanza mara nyingi hupandishwa na wasiwasi.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya muuguzi, na mtu aliifuata zahanati akakaa foleni. Leo katika vijiji na mitaa mingi ya Kenya inafanywa na jirani, mtu anayeitwa Mama au Baba Fulani kwa jina la mtoto wake. Septemba 25, 2023, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Kila mmoja hupangiwa takriban kaya 100. Katika begi lake mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Taarifa za kila nyumba anazituma kwa simu. Tanzania nayo, Januari 2024, ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano.

Kwa nini mashine ipelekwe mlangoni badala ya mtu kuifuata? Kwa sababu presha haiumi. Mtu analima, anaendesha bodaboda, anacheza harusini hadi usiku wa manane, na wakati wote huo damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Mwaka wa kumi, mwaka wa ishirini, kuta zinakakamaa, misuli ya moyo inanenepa kwa kazi nzito, figo zinachoka. Siku ya kwanza ya kujua inaweza kuwa siku ya kiharusi, na hapo hawakosekani wa kunong'ona kwamba mzee wa watu kachezewa.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya kupanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 waliishi na tatizo hilo, na karibu nusu yao hawakuwa na habari. Asiyeumwa haendi hospitali, na daktari hamwoni asiyekwenda. Jirani anamwona kila siku.

Wazo la kuukabidhi moyo kwa majirani lina zaidi ya miaka 50. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkoa wa Karelia ya Kaskazini, mashariki mwa Finland, ulikuwa na watu wapatao 180,000, wengi wakiishi kwa ukataji miti na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wanaume wake, wenye miili ya kazi, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo wakiwa katika umri wa kulea kwa kiwango cha juu kuliko karibu popote duniani. Zaidi ya nusu yao walivuta sigara. Siagi ilipakwa kwenye mkate kila mlo, chumvi ilimwagwa bila kupimwa, na mboga za majani zilionekana kama chakula cha ng'ombe. Mwaka 1971 viongozi wa mkoa, wakiongozwa na gavana wao, waliiandikia serikali kuomba msaada. Mwaka uliofuata mradi ulianza chini ya daktari kijana, Pekka Puska.

Puska hakuanza na hospitali. Alikwenda kwa Martta, chama cha akina mama wa nyumbani kilichoasisiwa mwaka 1899 na chenye matawi hadi vijijini. Wanachama wake waliandaa karamu za jioni zilizopewa jina la karamu za maisha marefu. Chakula kilikuwa kilekile cha kwao, mchuzi wa nyama wa Karelia, ila nyama na mafuta vilipunguzwa, viazi na karoti vikaongezwa. Watu walikula kwanza, maelezo yakafuata. Katika kila kijiji walitafutwa watu wanaosikilizwa, awe mwenye duka au kiongozi wa chama cha wakulima, wakafundishwa mambo machache ya kuwaambia wenzao: punguza chumvi, badili mafuta, acha sigara, pima presha. Baadaye vijiji vilishindanishwa kupunguza lehemu katika damu, na wafugaji walioona soko la siagi likishuka walisaidiwa kulima matunda madogo ya porini yanayostahimili baridi yao.

Tangu mradi uanze hadi mwaka 2006, vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa wanaume wa miaka 35 hadi 64 katika mkoa huo vilipungua kwa takriban asilimia 85. Sifa zote haziwaendei akina mama wa Martta. Sheria ya tumbaku ya mwaka 1976 ilisaidia, dawa na matibabu yaliboreka, na Finland nzima nayo ilishuka baada ya kuyachukua mafunzo ya mkoa huo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu fungu la kila sababu. Ila chakula kilianza kubadilika jikoni, mikononi mwa wapishi wenyewe.

Jaribio jingine lilifanywa penye kiti cha kinyozi. Jijini Los Angeles, Marekani, daktari Ronald Victor na wenzake waliwachagua wanaume weusi 319 wenye presha ya juu, wateja wa kudumu wa maduka 52 ya vinyozi. Kinyozi ni mtu anayemshika mteja kichwa kila baada ya wiki mbili tatu, anajua habari za mkewe na za kazini kwake. Akisema neno, linasikika. Katika kundi moja la maduka, vinyozi waliwahimiza wateja wao wabadili mwenendo na wakamwone daktari. Katika kundi la pili, mfamasia alikuja palepale dukani, akapima, akaanzisha dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, akarudi kufuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 9 katika kundi la kwanza. Katika kundi la pili ilishuka kwa 27.

Hapo ndipo penye somo kwa mwenye begi. Kuhimiza peke yake kulileta unafuu; kuhimiza pamoja na dawa kulileta unafuu mara tatu. Mhamasishaji akikuta namba ya juu imefika 140 au ya chini 90, hatoi dawa wala hatangazi ugonjwa. Anarudia kipimo siku nyingine, na ikibaki palepale anaandika rufaa. Rufaa hiyo ikimkuta mgonjwa kwenye zahanati iliyoishiwa dawa, nauli imeliwa bure, na safari ijayo atakapobishiwa hodi anaweza kusema hayupo. Mhamasishaji mwenyewe hulipwa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa kaya 100, hata viatu vinaisha kabla ya mwezi.

Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari: chama cha kuweka na kukopa. Karibu watu 2,900 wenye presha au sukari ya juu waligawanywa katika makundi manne. Katika mojawapo, wanachama walikutana mahali pamoja kuchanga fedha, kupimwa, kuonana na mhudumu wa afya na kuchukua dawa. Baada ya mwaka, namba yao ya juu ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 16.4, huku waliokwenda kliniki kwa utaratibu wa kawaida walishuka kwa 11.4. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kufunga mjadala. Ilitosha kuonyesha kuwa kikao cha fedha kinaweza kubeba na mambo ya moyo.

Wengine wameanzia barabarani. Kigali, tangu mwaka 2016, barabara kadhaa hufungiwa magari katika asubuhi za Jumapili zilizotengwa ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli, na pembeni hupimwa presha na sukari bure. Zanzibar, kila Januari 1, vikundi vya mazoezi hukusanyika kuufungua mwaka kwa jasho. Dar es Salaam, vikundi vya jogging vya mitaani huamsha watu alfajiri za mwisho wa wiki kwa nyimbo na firimbi. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Kikundi cha vikoba au cha jogging kinachotaka kuanza hakihitaji vitu vingi. Mashine moja ya kupimia mkono juu ya kiwiko, betri za akiba, daftari lenye safu ya tarehe na namba, mtu mmoja au wawili waliofundishwa na muuguzi, na makubaliano na zahanati ya jirani kuhusu siku ambayo dawa zipo. Mweka hazina huwa na daftari lake tayari. Hili la pili linawekwa kando yake. Kikao kijacho, yule aliyesomeka juu safari iliyopita anapimwa wa kwanza, kabla fedha hazijahesabiwa.