Fahamu: Bia chachu ya matunda ni nini?

Maana yake

Ni bia iliyokusudiwa iwe chachu: bakteria wa laktiki, wa jamii inayogandisha maziwa mgando, hugeuza sukari kuwa asidi, hamira hutengeneza kilevi, na tunda huongeza harufu na ladha. Ubelgiji ina kriek, yenye cheri. Lakini mkazi wa Kinondoni au Temeke hana haja ya kusubiri chupa ya ng'ambo. Mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro, inayouzwa pia Dar es Salaam, ni ya ukoo huohuo: ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, huku magome ya msesewa yakiipa uchungu.

Je, uchachu si dalili ya kuharibika?

Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mbege huendelea kuchachuka na hudumu siku chache tu. Hata hivyo, uchachu wa laktiki ni mwororo; ukali wa siki hutokea bakteria wengine wanapopata hewa na kugeuza kilevi kuwa asidi nyingine. Kwa hiyo nusa kwanza, piga funda dogo, tafuta ladha ya ndizi, kisha uchachu, mwisho uchungu. Ikinuka siki, iache. Wengine huogopa uchafu. Hofu hiyo ni ya haki, ila inahusu maji na vyombo vya mpishi, si aina ya pombe. Ikitengenezwa kwa usafi, mbege inastahili heshima ileile wanayopewa wenzake wa Ulaya.