Paka, Santuri na Mipaka ya Sikio

Usiku wa mwezi Julai mjini Mbeya, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Katika nyumba ya mpenzi wa muziki, mahali penye joto zuri ni juu ya kikuza sauti. Hapo ndipo paka hulala. Mwenye nyumba, akisikiliza santuri zake, huamini ya kuwa mnyama naye anapenda muziki.

Sababu ni nyingine. Kikuza sauti hakipeleki umeme wote kwenye spika. Sehemu kubwa hugeuka joto na kutoka kupitia matundu yaliyo juu ya kasha. Paka hustarehe zaidi penye nyuzi 30 hadi 38, naye hujilaza juu ya matundu hayo. Akiyaziba, joto hukosa njia na transista huweza kuungua.

Je, paka huyo anasikia nini? Sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Sikio la paka hufika karibu 85,000. Vyombo vya muziki vimeundwa kwa kipimo cha binadamu: hata sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, haibebi mitetemo inayozidi 22,050 kwa sekunde. Paka hakupewa uwezo huo kwa ajili ya muziki. Panya huitana kwa sauti zenye mitetemo kama 50,000 kwa sekunde, ambazo mkulima wa Iringa aliyelala karibu na kihenge chake hazisikii kabisa. Paka huzisikia, akageuza masikio na kujua panya alipo. Kwa kaya inayotegemea mahindi hayo hadi mavuno yajayo, masikio ya paka ni ulinzi wa chakula.

Masikio hayo, kama yetu, yana udhaifu. Ndani yake mna chembe hai zenye vinyweleo, zinazogeuza mitetemo kuwa habari kwa ubongo. Kelele kubwa huziua, wala hazioti tena. Wataalamu hushauri mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila chombo cha gharama. Wanafunzi wawili wasimame umbali wa mita moja huku redio ikilia. Ikiwalazimu kupaza sauti ili wasikilizane, redio imezidi.

Transista iliyoungua, fundi wa Mwanjelwa aweza kuibadilisha. Chembe za sikio hazina fundi wala duka. Mwenye nyumba na apunguze sauti, kisha amtandikie paka blanketi pembeni, mbali na matundu.