Kansa ya damu: kidonge kinachozima kosa moja

Je, munganga anaweza kupiga kansa ya damu bila kuharibu damu yote? Brian Druker, mtafiti wa Marekani, alilifuata swali hilo kwa miaka mingi.

Alishika aina moja tu, leukemia sugu ya mieloidi. Karibu wote wenye aina hiyo wana kosa lilelile: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana nafasi. Pale vinapoungana inatoka protini inayoamuru chembe nyeupe zizaliane bila kupumzika. Ni kama swichi iliyokwama. Zamani wagonjwa wengi walikuwa wanakufa ndani ya miaka michache.

Druker akajaribu dawa zilizotengenezwa na kampuni moja ya Uswisi, akapata moja inayozima swichi hiyo na kuacha chembe zenye afya. Kampuni ikasitasita, juu wagonjwa ni wachache na soko ni dogo. Yeye akaendelea kuwasumbua. Majaribio kwa watu yalianza 1998: kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha, hesabu ya damu ya 53 ilirudi sawa. Mwaka 2001 Marekani ikaikubali. Ndiyo imatinibu, kidonge cha kumeza nyumbani kila siku. Tangu 2015 iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Lakini kuambiwa tu «ana kansa ya damu» haitoshi kwenda kuitafuta. Kipimo cha labo lazima kionyeshe lile kosa la kromosomu. Kama halipo, kwa kawaida kidonge hakina cha kuzima. Na anayeimeza asiache mwenyewe siku anajisikia muzima, bila munganga kupima damu: ugonjwa unaweza kurudi.