China Inaanzia Stesheni ya Voi

Mzazi wa Voi anayemsomesha mtoto nyumbani hana haja ya kuitafuta China mbali. Reli ya kisasa ya SGR, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa 2017, inapita hapo kuelekea Mombasa. Huko, makumbusho ya Fort Jesus yana vyombo vya kaure ya Kichina vilivyofukuliwa pwani. Mtoto akivitazama, kisha akafinyanga bakuli lake na kulichora maua ya buluu, ataielewa biashara ya Bahari Hindi kwa vidole vyake, si kwa kukariri.

Wapo watakaouliza: mbona asianze na Utaita wake? Hoja ina uzito, lakini mambo haya hayagombani. Anayepika kimanga cha Wataita leo na wali wa Kichina kesho hujifunza kuwa kila jamii hupika inachovuna. Wengine watasema kutengeneza joka la karatasi la Kichina si kujifunza utamaduni. Ni kweli, kukiishia hapo. Ndiyo maana mtoto aambiwe pia kwamba reli ya SGR ilijengwa zaidi kwa mkopo wa China, na mkopo hulipwa. Kuijua jamii nyingine si kuisifu tu.